Imeingia, Bibi

Aprili 2021 nilimdanganya bibi mmoja wa Kiluguru ndani ya chumba nilichokijenga mwenyewe. Nilimdanganya kwa neno moja tu, naye akaondoka ameliamini, au ndivyo nilivyodhani. Sijawahi kuliandika jambo hili. Watu wa familia yake wanalijua. Waliokuwa wakiisifu studio yangu hawalijui.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya nyumba yangu, Bigwa, pale mji wa Morogoro unapoanza kupanda mlima. Ni mita tatu kwa nne, zamani ilikuwa stoo ya mahindi. Mtu aliyekulia Morogoro hawezi kuzikwepa habari za Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Wazee wanazisimulia kama habari za ukoo. Mimi kila nilipozisikia, kilichoniuma ni kwamba muziki wa mji wetu ulilazimika kusafiri ndipo urekodiwe: Nairobi, Mombasa, au Redio Tanzania kule Dar es Salaam. Nikajiapiza kwamba siku nikipata pesa kidogo, mtu wa huku atarekodiwa huku huku, kwa vitu vya huku huku.

Hilo la vitu vya huku nililichukulia kwa uzito, na sijutii. Sikutaka sponji za plastiki kutoka ng'ambo. Tuna katani. Tangu Mjerumani Hindorf alipoleta miche ya mkonge mwaka 1893, zao hilo limekuwa sehemu ya nchi hii kutoka Tanga hadi Kilosa, na sisi wa Morogoro tumekua tukiyaona mashamba yake kandokando ya mji. Tuna sufi, ambayo bibi zetu walijazia magodoro na mito. Nilinunua katani, nikashona magunia, nikayajaza katani na sufi mpaka unene wa inchi mbili, nikayabana kwenye fremu za mbao, nikafunika kuta zote nne. Kisha nikasimama katikati ya chumba nikapiga makofi. Mwangwi haukurudi. Kofi lilikufa pale pale mkononi. Nikaamini kwamba nimejenga ukimya.

Hapo ndipo kosa lilipo, nami nataka lieleweke, kwa kuwa nimeona vijana wengi wakilirudia kwa trei za mayai. Kuua mwangwi ni kazi moja, na kuzuia kelele ni kazi nyingine kabisa. Nyuzi za katani hulainisha sauti iliyozaliwa ndani ya chumba: hewa inayotikisika hupenya kati ya nyuzi, inakwaruzana nazo, nguvu yake inageuka joto dogo lisilohisika. Lakini kitu kinachopitisha hewa kinapitisha na kelele. Kelele ya nje huzuiwa na uzito, na huzuiwa na kuziba kila mwanya. Hata kazi ile ya kwanza, inchi mbili za katani zinaiweza kwa sauti nyembamba tu. Wimbi la sauti nzito ya mitetemo 100 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita tatu. Linapita kwenye gunia langu kama mtu anayepita kwenye ushanga wa mlangoni.

Kuta zangu za matofali ya saruji ya inchi tano zilikuwa na uzito wa kutosha, zaidi ya kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Juu je? Juu kulikuwa na bati geji 30, lisilofika kilo tatu kwa mita ya mraba, limepigiliwa kwenye kenchi bila dari. Kati ya kichwa cha ukuta na bati palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, iliyoachwa enzi za mahindi ili stoo ipumue. Mimi nikafunika kuta, sehemu pekee ambayo haikuhitaji msaada.

Siwezi kusema sikuambiwa. Fundi aliyenitengenezea mlango, mzee wa Kigogo kutoka upande wa Dodoma, alitazama juu kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

"Kijana, paa lako jepesi. Kwetu kwenye tembe udongo tunauweka juu. Mvua ikinyesha unaiona mlangoni, huisikii kichwani."

Nikamjibu kwamba tembe ni ya nchi kavu, mvua za Uluguru zingeiyeyusha. Akasema hajanishauri nijenge tembe. Niliache bati lifanye kazi yake ya kuzuia maji, na chini yake niweke dari ya fito na udongo, nene kama kiganja, iliyokandwa na pumba za mpunga, iegemee nguzo zake yenyewe na isiguse kenchi. Halafu nizibe ule mwanya. Alinieleza yote hayo akiwa ameshika randa mkononi, bila kunidai senti.

Nilikataa. Nilimwambia sina muda. Ukweli ni kwamba niliona aibu ya udongo. Katani ilipendeza, rangi yake ya dhahabu ilitoka vizuri kwenye picha, na watu walionitembelea walinisifu kuwa ninajali mazingira. Dari ya udongo ingewakumbusha nyumba za bibi zao. Nilitaka sifa ya kutumia vitu vya asili, lakini vile tu visivyonukia umaskini. Hata gundi niliyobandikia pembe za magunia ilikuwa ya kiwandani, inayowasha macho, na sikumwambia mtu.

Bibi alishuka kutoka upande wa Kinole, ng'ambo ya mashariki ya milima, mjukuu wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa anajulikana kwa nyimbo za ngoma za wanawake, zile zinazoimbwa mwali anapofundwa. Baadhi hazikufaa masikio yangu, akaniambia wazi; angeimba tu zile ambazo hata mwanamume anaweza kuzisikia. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikamwekea maji. Alitazama magunia ukutani akauliza kama hapa panahifadhiwa nafaka.

Aliimba nyimbo mbili vizuri sana. Wa tatu ulikuwa mrefu, wa mashairi ya kujibizana, naye akawa anaimba pande zote mbili mwenyewe kwa kubadilisha sauti. Kwenye ubeti wa pili mvua ikaanza. Ni masika, na Bigwa mvua haibishi hodi. Bati lote likawa ngoma moja. Nilikuwa nimevaa hedifoni, nikaisikia ikimfunika bibi ubeti kwa ubeti, mpaka ikabaki midomo yake inayosogea mbele ya maiki. Sikumsimamisha. Mjukuu alikuwa akinitazama, na nusu saa nyuma nilikuwa nimemweleza kwa kirefu jinsi chumba hiki kisivyoingiza kelele.

Bibi alipomaliza alinyamaza kidogo, akatazama juu, kisha akaniuliza:

"Imeingia, mwanangu?"

"Imeingia, bibi. Imeingia vizuri."

Nilijiambia kwamba programu ya kompyuta itaiondoa mvua. Nilikesha siku tano. Kelele ya mvua haikai mahali pamoja kama mlio wa jenereta. Imetawanyika kote, kutoka sauti nzito hadi nyembamba, na inafunika hasa zile herufi zinazotenganisha neno na neno: s, f, sh, t. Kila nilipoipunguza, nilimpunguza na yeye. Mwishoni nilibaki na sauti ya mtu anayeimba chini ya maji. Nikajiambia nitamwita tena kiangazi. Sikupiga simu Mei. Sikupiga Juni. Julai mjukuu akanipigia yeye, kunijulisha msiba.

Dari ya fito na udongo niliiweka mwaka uliofuata, pamoja na mzee yule yule, ambaye hakunikumbusha chochote. Tulikandika tabaka mbili, tukaziba mwanya kwa mawe na udongo, tukaacha njia ya hewa iliyopinda mara mbili ili upepo upite na kelele ichoke njiani. Katani niliyoishusha ukutani ilikuwa na ukungu mgongoni, maana niliibana ukutani bila nafasi ya kupumua. Nimeweka mpya, ikiwa imeachana na ukuta kwa upana wa vidole vinne. Mvua sasa inasikika kama mtu anayepepeta mchele nyumba ya tatu. Inafanya kazi. Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na arobaini.

Nilikwenda Kinole nikiwa na nyimbo mbili nzuri kwenye simu, na wa tatu. Nyumba ya bibi ilikuwa ya zamani, ya miti na udongo, kuta nene, paa la nyasi lililoshuka karibu na ardhi. Upande ule wa mlima hata miezi ya ukavu hupata mvua, na alasiri ile ilinyesha. Niliiona ikimwagika mbele ya mlango. Ndani tulikuwa watu kama ishirini, wazee walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini, na nilisikia kila neno, hata kijiko kilichowekwa kwenye sahani chumba cha pili. Nilikuwa nimemtoa bibi kwenye nyumba ile, nikampandisha gari, nikamleta chini ya bati langu.

Binti yake alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jiko. Nilimweleza yote: mwanya, bati, mvua, hedifoni, na neno nililomwambia mama yake. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza kama maneno ya wimbo wa tatu naweza kumwandikia hata nusu. Nikasema siwezi. Akasema kwamba pale kijijini hakuna anayeujua pande zote mbili.

Kisha akaniambia kwamba mama yake hakurudi Kinole siku ile. Alilala kwa ndugu zake Kichangani siku mbili, akawa anakataa kupelekwa stendi, kwa sababu aliisikia mvua, na alijua nitamwita arudie.