Babu Anapopotea Njia ya Nyumbani

Jioni moja huko Kamsamba, mzee aliyelima mpunga kando ya Mto Momba miaka yote alitoka shambani akaelekea darajani, akiipa nyumba yake mgongo. Mjukuu wake wa miaka 9 alimkimbilia: “Babu, nyumbani ni huku.” Mzee akasimama, akatazama pande zote, akakasirika. Majirani wakanong’ona kwamba amerogwa.

Kila mtu ana dira kichwani. Ndani ya ubongo zipo seli ambazo kila moja huchangamka kichwa kinapoelekea upande wake. Ukigeuka, hiyo hutulia na nyingine huchangamka. Mtafiti wa Marekani, James Ranck, alizitangaza mwaka 1984 baada ya kuziona kwa panya. Dira hii hupata taarifa kutoka sikio la ndani, ambako majimaji husogea kichwa kinapogeuka. Macho nayo huisahihisha kwa alama kama mti, mlima au daraja.

Ugonjwa wa Alzheimer mara nyingi huanzia sehemu za ubongo zinazotunza kumbukumbu na njia. Ndiyo maana mzee anaweza kuwataja wanawe wote kwa majina, lakini akapotea njia aliyoipita miaka 40.

Mzazi, ukiona hivyo kwa mzee wako, usimcheke wala usimfungie ndani. Mpeleke kituo cha afya mapema, kwani upungufu wa vitamini au baadhi ya dawa pia huvuruga akili, na hayo hurekebishika.

Siku hizi mjukuu humsubiri babu shambani kila jioni. Hamwambii kuwa amepotea. Humshika mkono tu: “Babu, twende.”