Daftari la Mvua

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya uchunguzi ni ya mabwana wenye nyumba kubwa na vyombo vya thamani. Sisi tunaopima mvua katika shamba la misioni, upande wa kusini wa Katanga, twasema sivyo. Vyombo vyetu ni hivi: kopo moja lenye kuta zilizonyooka, rula, saa, kalamu ya risasi na daftari. Kazi yenyewe haimalizi hata dakika 10. Lakini yataka mtu wa kuifanya kila siku.

Kopo limewekwa mahali peupe. Kama karibu pana mti, twaliweka mbali nao angalau mara 2 ya urefu wa mti ule, ili majani yasizuie mvua. Tena tumeliinua juu ya mti mfupi uliochomekwa, matone yanayoruka kutoka chini yasiingie ndani. Kila siku, saa 1 ya asubuhi, mmoja wetu hupima maji kwa rula, huandika milimita, kisha humwaga. Twaandika palepale, mbele ya kopo, wala hatungoji kufika nyumbani. Njiani mtu hukutana na jirani, huulizana habari, na hesabu imekwisha potea. Kalamu ya risasi twaipenda kuliko wino, kwa sababu daftari likilowa, maandishi yake hayayeyuki.

Pengine msomaji atauliza: milimita ni kitu gani hata tuisumbukie? Basi, milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila meta 1 ya mraba. Bustani yenye meta 10 kwa 20, ikinyeshewa milimita 25, imepata lita 5.000, yaani ndoo 250 za lita 20. Nani kati ya mama zetu angeweza kubeba maji hayo kutoka mtoni? Ndiyo maana twayahesabu.

Jambo gumu si kupima. Jambo gumu ni siku ambayo hakuna aliyepima. Ugonjwa huja, msiba huja, safari huja. Kijana mmoja anayefanya kazi pamoja nasi alituuliza: “Baba, siku ile niliyokwenda mazishini, niandike 0? Au niulize majirani kama mvua ilikuwa nyingi, nikaandike kwa kukisia?” Tulimjibu: “Mwanangu, 0 maana yake umetazama, ukaona kopo ni kavu. Kutotazama ni neno lingine. Chora mstari, uache hivyo.” Na kama kopo lina maji ya siku 2, twaandika jumla yake na kuunganisha tarehe zote mbili. Hatuyagawanyi kwa kubuni.

Kijana alisikitika, kwa maana ukurasa ulionekana mbaya wenye tundu. Lakini tundu lile ni kweli, na tarakimu ya kubuni ni uongo uliovaa nguo safi. Tundu halimdanganyi mtu, maana kila mmoja aliona. Uongo ukiisha andikwa, hata mwenyewe aliyeuandika hawezi tena kuutenga na ukweli baada ya mwaka.

Wala jambo hili si dogo. Kwetu mvua za kwanza hudanganya. Zanyesha mara moja au mbili, watu wanapanda mahindi, kisha jua linarudi na mbegu inakufa udongoni. Mtu asiye na mbegu ya pili atalisha nini watoto wake? Majirani huja kwetu kuuliza: “Miaka iliyopita ilikuwaje? Baada ya mvua kama hii, jua lilikaa siku ngapi?” Sisi twafungua daftari. Tukiwa tumebuni, tunacheza na chakula cha watu.

Twapenda kumkumbuka Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, katika nchi ya Cheki ya leo. Tangu mwaka 1856 hata 1863 alipanda njegere katika bustani ya monasteri, akachunguza mimea kama 28.000. Katika jaribio moja alihesabu mbegu 7.324: za mviringo zilikuwa 5.474, za kukunjamana 1.850. Karibu 3 kwa 1. Hapo ndipo ilipoonekana njia ambayo wazazi hurithisha watoto sura zao. Mtu anayesema tu “za mviringo ni nyingi” asingeiona. Mendel alikufa mwaka 1884, na ilikuwa mwaka 1900 wataalamu walipotambua thamani ya kazi yake. Alichoandika kilimngojea. Naye Mendel alipima pia hali ya hewa ya mji wake kwa miaka mingi.

Siku hizi tuna simu, na wengine wana kompyuta. Nazo ni vyombo vizuri. Mwisho wa kila mwezi twapiga picha kurasa zote, kisha twaandika nakala ya pili inayokaa katika nyumba nyingine, kwa kuwa mchwa na moto havibishi hodi. Lakini simu haiwezi kutazama kopo kwa niaba ya mtu aliyelala.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi wa magari, muuguzi, mwanafunzi wa chuo, mwenye duka, kila mmoja ana kopo lake la kutazama. Bwana wetu alitufundisha uaminifu katika mambo madogo. Basi, anza kesho kwa saa moja isiyobadilika na ukurasa mmoja. Andika ulichoona. Usichokiona, kiachie nafasi yake tupu.