Kutu Isiyoonekana

Usharika wetu, katika milima ya Upare juu ya Same, una Land Rover ya mwaka 1957. Magari hayo yalionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Waingereza walikuwa wametoka vitani na chuma kilikuwa haba, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Lakini chesisi, mifupa inayobeba mzigo wote, ni ya chuma.

Mgeni mmoja aliyekuwa akienda Mkomazi alitaka kulinunua kwa bei nzuri, akaliweke chini ya turubai. Tulikataa, kwa kuwa ndilo linaloshusha wagonjwa na tangawizi yetu. Tulikataa kwa majivuno pia. Kila Krismasi tulilipaka rangi upya, ingawa bodi ile haishiki kutu.

Wakati huo dereva wetu na fundi wetu, mtu na shemeji yake, hawakuwa wakisalimiana kwa ajili ya zamu za maji ya ndiva. Sote tulijua. Waliikaribia Meza ya Bwana kila mmoja kwa upande wake, nasi tukaendelea kuimba. Dereva aliposikia mlio chini ya gari, hakumwambia fundi. Sisi abiria tuliousikia tulisema ni uzee.

Siku moja ya mvua, tukimshusha mama mwenye uchungu, chesisi ilikatika karibu na gurudumu la mbele. Gari likainamia korongo, likasimama. Tulimbeba mama kwa machela mpaka chini. Alijifungua salama, lakini saa zile hatujazisahau.

Fundi alishuka kwa miguu na nyundo yake. Alipogonga, kutu ilidondoka vipande vipande kama magome ya mti. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Shemeji, nishikie taa." Dereva akalala kwenye matope kando yake.

Wiki iliyofuata tulifanya msaragambo kwenye mfereji, tukapanga zamu upya mbele ya watu wote.

Gari bado linapanda. Siku hizi, Krismasi ikikaribia, hatuanzi na rangi. Tunaanza kwa kuingia chini na nyundo, tukigonga na kusikiliza. Nasi tunamwomba Mungu atugonge vivyo hivyo, hata pale ambapo nyimbo zetu ni nzuri.