Gome la Mti wa Shea

Basi la usiku kutoka Kampala linakushusha Arua shingo ikiwa imekakamaa. Usingizi ulinitoka Karuma, pale Nile inaponguruma chini ya daraja, na haukurudi hata baada ya Pakwach. Arua nilikunywa chai tu, nikapanda teksi ya Koboko. Ni takriban kilomita 55 za lami, unapishana na malori yaendayo Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Abuku imo ndani ya Wilaya ya Koboko. Kipande cha mwisho nilikwenda kwa boda, mkoba wa vitambaa nimeupakata.

Kazi yangu ni kushona mifarishi ya viraka: vipande vya vitenge juu, pamba katikati, marekani chini, kisha sindano inapenya tabaka zote tatu. Kilichonipeleka huko ni milaya, yale mashuka wanayodarizi wanawake wa Sudan Kusini, maua na ndege wa rangi kali. Binti huolewa nayo, mgeni hutandikiwa, na siku ya kukimbia hufungiwa vitu vya nyumbani. Nyingi zilivuka mpaka mwaka 2016, mapigano yalipofika Yei. Agosti ya mwaka huo ikafunguliwa kambi ya Bidibidi, katika wilaya jirani ya Yumbe, na baadaye mpiga picha Nora Lorek akawapiga picha wakimbizi wa huko wakiwa mbele ya milaya zao. Picha hizo ndizo zilizonitoa nyumbani.

Mama aliyenipokea ni Mkakwa wa Yei, lakini hakwenda kambini. Wakakwa wako Uganda, Kongo na Sudan Kusini, naye ana ndugu Abuku. Walimpa chumba na kipande cha shamba.

Nilimwambia nataka kutembea porini nione maua anayoyadarizi. Akacheka mpaka akaweka sindano chini.

"Kutembea tu, mwanangu? Bila panga, bila kamba?"

Kesho yake alfajiri tukaenda kuokota kuni. Asitegemee mtu kukuta huko msitu mnene kama Mabira. Ni nyasi ndefu na miti iliyoachana: mikwaju, miti ya miiba, na mti wa shea, ambao yeye anauita lulu. Mama alikuwa anatangulia, anainama, anavunja tawi juu ya goti, anasonga mbele. Kila aliposimama kupumzika alinionyesha kitu: ganda la mbegu lililopasuka, unyoya, njia ya siafu. Nina hakika hakuna mtalii anayeliona pori kwa ukaribu wa mtu anayetafuta kuni.

Maua ya milaya yake, kusema kweli, sikuyaona. Mengi aliyarithi kutoka kwenye milaya ya mama yake, mengine ameyatoa kwenye vitenge vya sokoni, na haoni kwa nini hilo linisumbue. Nilichokipata mimi ni gome. Gome la mti wa shea uliokomaa limepasuka vipande vipande vya karibu mraba, hakuna viwili vinavyolingana, na kati ya kipande na kipande kuna mfereji unaoweza kuingiza ncha ya kidole. Moto wa kiangazi hupita kwenye nyasi kila mwaka, na gome hilo nene ndilo linaloukinga mti usife. Upande uliopigwa na moto ulikuwa mweusi wa masizi, upande wa pili kijivu, na pale kipande kilipobanduka rangi ilikuwa ya kutu. Viraka tayari, mtu hana haja ya kubuni.

Tulipita visiki pia. Shea huchukua miaka 15 au zaidi kabla ya kuzaa, na mkaa wake unasifiwa kwa moto mkali. Mwaka 2023 Rais alipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi. Mama aliniambia anayekata mara nyingi ni mtu anayedaiwa karo ya shule. Sikuwa na la kumjibu.

Mchana tukakaa chini ya mwembe. Nilikata vitenge vyeusi na vya kijivu bila rula, nikaacha nafasi za mifereji, nikapiga bandi. Mama aliichukua kazi, akaigeuza, akaanza kuikagua upande wa nyuma. Yeye huchora kwanza kwa kalamu ya wino, kisha hufuata mchoro kwa mshono wa mnyororo, kitanzi ndani ya kitanzi, na nyuma ya milaya yake huoni fundo lililoning'inia. Aliporidhika aliniuliza ndege atakaa wapi.

"Hakuna ndege, Mama. Ni gome tu."

"Mti gani hauna ndege?"

Tulibishana mpaka chai ikaiva. Nilishikilia kwamba ndege ataharibu utulivu wa ile kijivu. Na bado naamini hivyo, kwa kiasi fulani. Yeye alichukua kalamu, akamchora pembeni kulia, mkia mrefu, akamjaza kwa uzi mwekundu ambao hata jua la saa kumi halikuweza kuufifisha.

Kampala, mteja wa kwanza kuuona mfarishi ule aliupitisha mkono juu ya gome lote bila neno, akafika kwa ndege, akauliza kama anaweza kupata sita kama huyo kwa ajili ya mito ya kochi. Nikampa namba ya simu ya Mama.