Tusiishie Kusema Pole

Hapa Nyarugusu neno "mawazo" linabeba mengi. Mtu hali, tunasema ana mawazo. Halali, ni mawazo. Vita vilimtoa Fizi mwaka 1996, ndugu wamebaki ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, sasa ameambiwa ana kansa: ataacha vipi kuwaza? Tunasema pole, tunaenda zetu.

Shangazi yangu ana kansa ya titi. Nesi anayemhudumia haishii kwenye pole. Alikaa mkekani, akauliza kwanza habari ya maumivu, akatuonyesha kwamba dawa ya maumivu hunywewa kwa saa zake, si kungoja mpaka mgonjwa alie. Akatueleza pia kuwa kansa na dawa zake huchosha mwili na kukata hamu ya chakula, kwa hiyo dalili hizo peke yake hazitoshi kusema mtu ana sonona. Ndipo akauliza, "Mama, wiki hizi mbili kuna kitu bado kinakufurahisha? Wajukuu je?" Shangazi akajibu, "Mwanangu, nawasikia kama wako mbali."

Nesi ana karatasi ya maswali 9, kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Swali la mwisho linauliza kama mtu anaona heri afe, au anataka kujidhuru. Baba mdogo alikasirika, eti anamfundisha mgonjwa mabaya! Nesi akamwambia kwa upole kwamba kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitoa.

Na shangazi alilitoa. Kilichomkosesha usingizi ni hiki: akipelekwa hospitali ya rufaa, nani atasimama foleni siku ya mgao, na watoto wa marehemu binti yake watalala kwa nani? Jirani akakubali kuwachukua. Nesi akamwunganisha na mshauri, na kila wiki anapita kumwangalia. Usingizi haujarudi wote, lakini juzi shangazi aliwagombeza wajukuu kwa kelele zao. Tulifurahi.

Ninyi wa mashirika, na sisi majirani, tukifika kwa mgonjwa wa kansa tusiangalie kidonda tu. Tumwulize analalaje, anaogopa nini, watoto wako na nani. Akisema amechoka kuishi, tusimkemee. Tukae naye, tusimwache peke yake, na siku hiyohiyo tumwite nesi.