NCHI YA WABASKI: MTI, BUNDUKI NA LUGHA YA NYUMBANI



Wengi wetu tunaoishi ugenini tuliwajua Wabaski kwa njia ya taarifa za habari, na kwa miaka mingi kila lilipotajwa jina lao lilifuatwa na habari za bomu au mauaji. Hiyo ni sawa na kuijua nyumba ya mtu kwa moshi wake tu. Katika makala haya tunakusudia kuingia ndani, tutembee katika miji yao, tuusikilize mgogoro wao na serikali zinazowatawala, na tuone ni kitu gani hasa kilichowadumisha kuwa Wabaski hata leo.

Nchi yao iko pale milima ya Pyrenees inaposhuka kukutana na bahari ya Atlantiki. Ina mikoa saba. Minne, yaani Bizkaia, Gipuzkoa, Araba na Nafarroa, iko upande wa Hispania. Mitatu, yaani Lapurdi, Nafarroa Beherea na Zuberoa, iko upande wa Ufaransa. Wenyewe huiita Euskal Herria, na husema kuwa saba hizo ni moja. Wakazi wake wote ni kama milioni tatu.

Lugha yao, Euskara, ni ajabu kwa wataalamu, kwani haina dada wala binamu miongoni mwa lugha zinazojulikana duniani. Ilikuwapo kabla Warumi hawajaleta Kilatini, na Kilatini kilipozaa Kihispania na Kifaransa, yenyewe ilibaki palepale. Neno la Euskara la kumtaja Mbaski ni "euskaldun", na maana yake ni mwenye Euskara. Tunamwomba msomaji alihifadhi neno hilo, kwa kuwa habari yote itakayofuata inalizunguka.

MAJIRANI WA ANDALUS

Waislamu wa Andalus waliwajua watu hawa vizuri. Katika bonde la mto Ebro ilitawala jamaa ya Kiislamu iliyoitwa Banu Qasi, iliyooleana na wafalme wa Kibaski wa Pamplona. Musa bin Musa wa Banu Qasi na mfalme Iñigo Arista walikuwa ndugu wa mama mmoja. Hata Khalifa Abdurrahman wa Tatu wa Qurtuba, bibi yake mzaa baba alikuwa binti wa nyumba ya kifalme ya Pamplona.

Tena kuna kisa cha mwaka 778. Charlemagne, mfalme wa Wafaranki, alipokuwa akirudi kutoka Zaragoza aliibomoa ngome ya Pamplona, na Wabaski wakamvizia katika njia ya mlima ya Roncesvalles, wakaliangamiza jeshi lake la nyuma. Washairi wa Kifaransa wa karne za baadaye waliwaondoa Wabaski katika kisa hicho, wakawaweka Waislamu mahali pao.

BILBAO

Wasafiri wengi huingia kwa mji wa Bilbao, ambao wenyeji huuita Bilbo. Ni mji uliojengwa na chuma: madini yalikuwa katika vilima vya jirani, bandari ilikuwa mtoni, na karne ya 19 ikaleta matanuri, viwanda vya meli na maelfu ya vibarua kutoka sehemu nyingine za Hispania. Viwanda hivyo vilipoporomoka katika miaka ya 1980, mji ulivaa vazi jingine. Reli ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1995, na mwaka 1997 ikafunguliwa nyumba ya sanaa ya Guggenheim, iliyobuniwa na Frank Gehry, ambayo kuta zake za madini ya titani hung'aa ukingoni mwa mto kama magamba ya samaki.

Msafiri Mwislamu atahitaji hadhari katika chakula, maana mikahawa yao imejaa nguruwe na mvinyo. Lakini ng'ambo ya mto kutoka mji wa kale uko mtaa wa San Francisco, wenye maduka ya nyama ya halali, na mitaani hapo husikika Kiarabu na lugha za Afrika ya Magharibi. Pia bahari yao ni karimu. Samaki wao mashuhuri ni bakalao, ng'onda wa bahari za baridi, ambaye hulowekwa kutolewa chumvi, kisha hupikwa kwa mafuta ya zeituni na vitunguu thomu.

Bilbao ndiko alikozaliwa Sabino Arana, ambaye mwaka 1895 alianzisha Chama cha Taifa cha Wabaski. Arana aliona nchi yake ikijaa wageni na lugha ikififia, akainuka kuitetea. Lakini kipimo chake kilikuwa damu na majina ya koo, na vibarua wageni aliwadharau. Leo katika mji huohuo timu ya mpira ya Athletic Club, ambayo kwa desturi yake huchezesha wale tu waliozaliwa au kulelewa kimchezo katika nchi ya Wabaski, imeshangiliwa kwa mabao ya Iñaki na Nico Williams, ndugu wawili ambao wazazi wao walitoka Ghana wakavuka jangwa la Sahara. Baina ya kipimo cha Arana na shangwe hizo pana safari ndefu, na ilipitia Gernika.

MTI WA GERNIKA

Kutoka Bilbao gari moshi dogo hupita katika mabonde ya kijani na kumfikisha msafiri Gernika kwa muda usiozidi saa moja. Ni mji mdogo, lakini una mti. Chini ya mwaloni huo, mti mgumu wa nchi za baridi, wazee wa Bizkaia walikutana kushauriana tangu zama za kale, na watawala wa Kastilia walifika hapo kuapa kwamba wataziheshimu haki za kale za mkoa: kodi zao, mahakama zao na desturi zao. Haki hizo zilidumu hadi mwaka 1876, serikali ya Madrid ilipozifuta baada ya vita vya ndani. Hapo ndipo penye shina la dai la Wabaski: husema kwamba hawaombi kitu kipya, bali wanadai walichokuwa nacho.

Mwezi wa Oktoba 1936, vita vya Jenerali Franco vikiwa vimekwisha kuwaka, José Antonio Aguirre aliapa chini ya mti huo kuwa rais wa kwanza wa serikali ya Wabaski. Miezi sita baadaye, Jumatatu tarehe 26 Aprili 1937, siku ya gulio, ndege za Ujerumani na Italia zilizomsaidia Franco ziliupiga mji kwa mabomu kwa muda wa zaidi ya saa tatu. Serikali ya Wabaski ilitaja zaidi ya watu 1,600 waliokufa. Wanahistoria wengi wa baadaye wamekadiria mamia. Mji uliungua karibu wote, lakini mti ulisalimika. Upande wa Franco ulidai kuwa Wabaski waliuchoma mji wao wenyewe, na uwongo huo ulifichuliwa upesi na waandishi kama George Steer, ambaye mwaka mmoja tu kabla yake alikuwa Addis Ababa akiandika juu ya uvamizi wa Waitalia katika Uhabeshi. Mwezi uliofuata meli iitwayo Habana iliwapeleka karibu watoto 4,000 wa Kibaski Southampton, Uingereza, bila ya wazazi wao. Baadhi yao hawakurudi tena.

Mwaloni ulioshuhudia mabomu ulikufa kwa ugonjwa mwaka 2004. Uliopandwa badala yake nao ukafa, na mwaka 2015 ukapandwa mwingine. Kila mmoja hutoka katika mbegu za ukoo uleule.

BUNDUKI NA GHARAMA YAKE

Franco alipotawala, Euskara ilifukuzwa shuleni na maofisini, na mzazi hakuruhusiwa kumwandikisha mtoto kwa jina la Kibaski. Katika dhiki hiyo, mwaka 1959, vijana waliunda ETA, jina ambalo ni kifupi cha maneno "Nchi ya Wabaski na Uhuru". Walianza kuua mwaka 1968, na mwaka 1973 walimlipua waziri mkuu wa Franco, Carrero Blanco, mjini Madrid. Wapo wengi waliowaonea fahari wakati huo.

Lakini Franco alifariki mwaka 1975, na mwaka 1979 Wabaski wa mikoa mitatu, Bizkaia, Gipuzkoa na Araba, walipiga kura wakapata bunge lao, polisi wao, shule zao na haki ya kukusanya kodi zao wenyewe. ETA haikuziweka silaha chini. Katika maisha yake iliua zaidi ya watu 800, na walio wengi waliuawa baada ya kifo cha Franco: askari, mahakimu, madiwani, waandishi, na wapita njia. Serikali nayo ilijichafua mikono. Kati ya miaka 1983 na 1987 kikosi cha siri kiitwacho GAL kiliua watu 27, na mwaka 1998 waziri wa zamani wa mambo ya ndani alihukumiwa kifungo kwa kosa la utekaji nyara lililohusiana nacho.

Mwezi wa Julai 1997 ETA ilimteka diwani kijana wa mji wa Ermua, Miguel Ángel Blanco, mwenye umri wa miaka 29, ikatoa muda wa siku mbili, kisha ikampiga risasi. Mamilioni ya watu waliandamana Hispania nzima, na Wabaski wenyewe walikuwamo, wakisema hadharani kwamba mauaji hayafanywi kwa jina lao. ETA ilitangaza kuacha vita mwaka 2011, ikasalimisha silaha mwaka 2017, ikajivunja mwaka 2018. Iliacha makaburi na majirani wasiosalimiana.

SHULE ZA VYUMBANI

Wakati wa bunduki hizo, kazi nyingine ilikuwa ikifanyika bila ya kelele. Katika miaka ya 1940 mwalimu mmoja wa San Sebastián, Elbira Zipitria, alianza kufundisha watoto wachache kwa Euskara ndani ya nyumba, kinyume na amri ya wakubwa. Wazazi wengine wakaiga. Wakachangishana fedha, wakatafuta walimu, na shule hizo, ziitwazo "ikastola", zikaenea katika miaka ya 1960. Upande wa Ufaransa zikaanza mwaka 1969.

Palizuka tatizo: kila bonde lilikuwa na lahaja yake, nani aandikiwe vitabu? Mwaka 1968 chuo cha lugha yao kilikutana Arantzazu, na kwa uongozi wa mtaalamu Koldo Mitxelena kikaweka njia ya Euskara sanifu. Wazee walinung'unika. Msomaji anayekumbuka mabishano ya Kimvita na Kiunguja hatahitaji maelezo zaidi.

Matunda yake yanaonekana. Mwaka 1991 karibu robo ya watu wazima wa mikoa ile mitatu walijua Euskara. Mwaka 2021 walikuwa zaidi ya theluthi, na miongoni mwa vijana walio wengi wanaijua. Mtoto wa Kimoroko au wa Kisenegali anayesoma ikastola huwa "mwenye Euskara" kama mwenzake. Hivyo ndivyo neno lile la kale lilivyokishinda kipimo cha damu cha Arana.

Hata hivyo wako wenye wasiwasi. Barabarani wanaoitumia Euskara ni wachache mno kuliko wanaoijua, na watoto wanaosomeshwa kwayo asubuhi huweza kucheza kwa Kihispania jioni. Ndiyo sababu tangu mwaka 1980, kila baada ya miaka miwili, hufanyika mbio za Korrika: zaidi ya kilomita 2,000, usiku na mchana, watu wakipokezana kijiti chenye ujumbe ndani yake unaosomwa mwisho wa safari. Kila kilomita hununuliwa na kikundi, na fedha hizo husomesha lugha kwa watu wazima.

Ama suala la kujitawala, halijafungwa. Katiba ya Hispania ya mwaka 1978 husema nchi haigawanyiki, na mwaka 2005 bunge la Madrid lilikataa pendekezo la bunge la Wabaski la kuwa na uhusiano mpya na Hispania. Katika uchaguzi wa mwaka 2024 vyama viwili vya utaifa, kile cha Arana na EH Bildu, vilipata viti 27 kila kimoja katika viti 75. Upande wa Ufaransa, wilaya za Kibaski zilipata baraza lao la pamoja mwaka 2017 tu, na Euskara haina hadhi rasmi huko.

Wabaski nao walihama kama sisi. Wengi walikwenda Marekani kuchunga kondoo katika jimbo la Idaho, na mjini Boise wajukuu wao walifungua ikastola ya watoto wadogo mwaka 1998, mbali sana na mwaloni wa Gernika. Sisi hatukupigwa marufuku na mtu yeyote kuzungumza Kiswahili majumbani mwetu, na waliokuwa wakifundisha kwa siri vyumbani wangetuonea wivu. Basi jioni hii, watoto wakikaa kula, tuwasikilize wanazungumza lugha gani, na sisi tunawajibu kwa lugha gani.

Wassalaam.