Picha ya Sekunde Mbili

Fundi aliyenifundisha kazi amefariki, na wengi waliokuja msibani Tandika hawakujua alikuwa na ujuzi gani. Ndiyo maana naandika.

Ya utotoni ni machache. Nimezaliwa Mtoni, Temeke, nikaishia darasa la saba. Bara tulipata televisheni mwaka 1994; ndugu zetu wa Unguja walikuwa na ya rangi tangu 1973. Nilianza kwa kulehemu redio, nikahamia televisheni, na kafe za intaneti zilipoenea jijini nikaangukia kwenye monita za chogo. Umeme ukikatika usiku na kurudi kwa nguvu, asubuhi meza yetu imejaa.

Mzee aliyenifundisha hakukubali ushike bisibisi kabla hujauliza maswali. Chomoa waya wa picha, uache wa umeme. Monita ikiandika kwamba haipokei kitu, basi yenyewe ni nzima, hangaika na kompyuta. Cheupe kimegeuka njano? Bluu haifiki, kagua pini 15 za ule waya, huenda moja imepinda. Skrini ya flati ni nyeusi na kitaa cha kuwashia kinawaka? Funga mapazia, mulika tochi kwa ubavu. Ukiona maandishi kwa mbali, kioo kizima, kilichokufa ni mwanga wa nyuma.

Ubishi ulikuja na monita za flati. Picha inatokea sekunde mbili, halafu giza. Fundi mmoja wa Kinondoni, mwenye duka na wateja wa maofisini, alishikilia kwamba kioo kimekwisha, na papo hapo akamuuzia mteja monita nyingine. Mzee alisema anza na kapasita. Taa za nyuma za wakati ule zilitaka zaidi ya volti 1,000 ili ziwake. Bodi inayozilisha ikipata umeme unaoyumba kwa sababu ya kapasita mbovu, inajizima kujilinda. Na kapasita nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka kiwandani na kimiminika kibovu ndani yake. Zilivimba dunia nzima.

Iliyovimba kila mtu anaiona. Ugomvi ulikuwa juu ya ile isiyovimba, ambayo mita ya kawaida inaipitisha. Mzee aliazima mashine ya kukaushia nywele saluni ya jirani, akaipasha bodi moto ikiwa imechomolewa, kisha akaiwasha. Picha ikikaa, mgonjwa amejulikana, kwa sababu kimiminika kilichopungua hupitisha umeme vizuri zaidi kikiwa na joto. Yule bwana aliuita uganga, tena mbele ya wateja wetu. Mzee hakumjibu. Namjibu mimi: kilikuwa kipimo, na mara nyingi kilisema kweli. Ila ni kipimo tu, si tiba. Wapo waliopasha moto, wakamkabidhi mteja monita inayowaka, wakapokea hela. Huo ni wizi.

Na ninyi vijana wa leo, mnaochomoa kapasita kwenye bodi mbovu na kuzipachika kwenye bodi ya mteja, mnajenga nini? Nunueni mpya, ya nyuzi 105, si 85. Joto likipanda kwa nyuzi 10, umri wake unakatika nusu, na Dar hatuna baridi ya kutuokoa. Volti zisipungue zilizoandikwa. Fyuzi iliyokatika msiiruke kwa kipande cha waya, tafuteni kilichoikata. Na hata umeme ukichomolewa, kapasita kubwa ya bodi ya umeme inaweza kubaki na volti zaidi ya 300. Iondoeni chaji kwanza, mkono baadaye.

Siku hizi taa ni za LED, na mteja anaambiwa anunue monita nyingine kabla mfuniko haujafunguliwa. Msomaji, kama unayo moja imelala uvunguni, usiwape watu wa vyuma chakavu. Imulike tochi. Ukiona maandishi, mpelekee fundi, na akimaliza kazi mwambie akuoneshe alichokitoa na alichokiweka.